Toronto: Wanaojitolea waingia madarasani ili mwanafunzi shoga asome kwa amani

RICHMOND HILL, Ontario — Ukiifuata barabara ya Yonge kutoka katikati ya jiji la Toronto kuelekea kaskazini, unavuka mpaka wa jiji, unaingia mkoa wa York na mbele kidogo unafika Richmond Hill. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, mji huu una watu wapatao laki mbili, na zaidi ya nusu yao walizaliwa nje ya Kanada. Wachina na Wairani ni wengi, na sisi wa Afrika Mashariki tumo pia. Jirani kabisa, katika barabara ya Bathurst upande wa Vaughan, kuna kituo cha Jaffari cha Waislamu wa madhehebu ya Shia Ithna-asheri, ambao wengi wao wana asili ya Tanzania, Kenya na Uganda. Si ajabu kusikia Kiswahili pale mlangoni.

Watoto wa watu hawa wote hukaa kwenye madawati yaleyale, na miongoni mwao wamo mashoga na wasagaji. Wamo pia wale wanaojiona kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Wengi hawajamwambia mtu yeyote, na wengine wamejulikana bila kupenda kwao. Kwa watoto hao shule inaweza kuwa mahali pa kusoma, au mahali pa kuhesabu saa hadi kengele ya mwisho ilie.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1990, Toronto na miji mingine ya Kanada imekuwa na watu wanaojitolea kuingia madarasani na kuzungumza na wanafunzi ana kwa ana. Hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Wengine ni vijana waliomaliza shule juzi tu, wengine ni mama na baba wa watoto mashoga. Wanaeleza maisha yao, kisha wanawaachia wanafunzi nafasi ya kuuliza.

Makala hii inaangalia kazi hiyo ilianza vipi, inafanya nini na haiwezi kufanya nini, na inamhusu vipi mzazi Mswahili aliyeko Richmond Hill pamoja na yule aliyeko Mombasa, Dar es Salaam au Kampala.

Saa moja ya maswali

Utaratibu wake ni mwepesi. Mwalimu hualika kikundi, na watu wawili au zaidi hufika wakati wa kipindi cha kawaida. Kwanza huwekwa masharti ya mazungumzo: hakuna kumcheka mtu, hakuna kumtaja mwanafunzi ambaye hayupo, na anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Baada ya hapo kila mgeni husimulia kwa ufupi alikulia wapi, alitambua lini kwamba yeye ni tofauti na wenzake, nani alimwambia kwanza, na shuleni ilikuwaje.

Kisha huja maswali, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Wanafunzi huuliza mambo ambayo hawathubutu kuuliza nyumbani. Ulijuaje? Mama yako alisema nini? Unaamini Mungu? Ulipigwa? Ungeweza kubadilika ukitaka? Mgeni hujibu kwa maisha yake mwenyewe. Hatoi hotuba ya siasa wala hamshawishi mtu afuate njia yake.

Mjini Toronto kikundi kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni TEACH, mpango wa vijana ulio chini ya shirika la afya la Planned Parenthood Toronto. Vijana wenyewe hupewa mafunzo, kisha huenda kuzungumza na vijana wenzao, kwa kuwa inaeleweka kwamba mwanafunzi wa miaka kumi na mitano humsikiliza zaidi mtu aliyempita miaka michache kuliko mzee mwenye tai. Jimbo la Quebec nalo lina kikundi cha GRIS cha Montréal, kilichoanzishwa mwaka 1994. Wao wana desturi ya kutuma watu wawili pamoja, mara nyingi mwanamume na mwanamke, na huwapa wanafunzi karatasi ya maswali kabla ya mazungumzo na baada yake. Kwa njia hiyo wamekusanya kwa miaka mingi maoni ya wanafunzi wenyewe, wala hawategemei kukisia.

Kwa upande wa wazazi lipo shirika la PFLAG, ambalo limekuwa na tawi pia katika mkoa huu wa York. Asili yake ni New York. Mwaka 1972 kijana mmoja shoga, Morty Manford, alipigwa hadharani huku polisi wakitazama. Mama yake, Jeanne Manford, mwalimu wa shule ya msingi, aliandamana na mwanawe barabarani mwaka huohuo akiwa na bango la kuwataka wazazi wawaunge mkono watoto wao. Machi 1973 aliitisha mkutano wa kwanza wa wazazi katika kanisa moja la Kimethodisti, wakahudhuria watu wapatao 20. Kutokana na mkutano huo mdogo limezaliwa shirika lenye matawi mamia.

Mauaji ya High Park

Hata hivyo, shule za Toronto hazikuanza kulishughulikia jambo hili kwa hiari tu. Usiku wa tarehe 21 Juni 1985, Kenneth Zeller, mfanyakazi wa maktaba ya shule aliyeajiriwa na Bodi ya Elimu ya Toronto, alipigwa hadi kufa katika bustani ya High Park. Waliomuua walikuwa vijana watano, na walikuwa wanafunzi wa shule za sekondari. Walikwenda bustanini kutafuta shoga wa kumpiga.

Mji ulishtuka kwa sababu mbili. Aliyeuawa alikuwa mtu wa shule, na waliomuua walikuwa watoto wa shule. Hao hawakuwa majambazi wa kutoka mbali. Walikuwa wamekaa madarasani kwa miaka, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwaambia kwamba mtu wa aina hiyo naye ni binadamu mwenye mama na baba. Ikabidi Bodi ya Elimu iandae mpango wa kupambana na ukatili na ubaguzi dhidi ya mashoga na wasagaji katika shule zake. Mwaka 1995 likaanzishwa mjini Toronto darasa maalumu, Triangle, kwa wanafunzi walioshindwa kuendelea katika shule za kawaida kwa ajili ya uonevu.

Darasa hilo liliwasaidia wengi, lakini liliacha swali. Je, anayeonewa ndiye anayepaswa kuhama? Wanaojitolea kuzungumza madarasani wanajibu kwamba la, darasa ndilo linalopaswa kubadilika.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 2011 shirika la Egale lilichapisha uchunguzi wa kwanza mkubwa wa nchi nzima kuhusu hali ya shule za Kanada, ulioongozwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Winnipeg, Catherine Taylor, pamoja na Tracey Peter wa Chuo Kikuu cha Manitoba. Walihojiwa wanafunzi zaidi ya 3,700. Asilimia 70 ya wanafunzi wote walisema kwamba kila siku shuleni husikia neno "gay" likitumiwa kwa maana ya kitu kibovu au cha kijinga. Asilimia 64 ya wanafunzi mashoga, wasagaji na wenzao walisema hawajisikii salama shuleni. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa amesukumwa, amepigwa au kufanyiwa jambo la namna hiyo kwa sababu ya hali yake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, uchunguzi wa pili ulitolewa. Wengi walitarajia mabadiliko makubwa, maana katika muda huo sheria zilikuwa zimebadilika na bendera za rangi za upinde wa mvua zimetundikwa kwenye shule nyingi. Matokeo yalionyesha kwamba asilimia 62 ya wanafunzi hao bado hawajisikii salama, wakati miongoni mwa wanafunzi wengine waliojibu hivyo ni asilimia 11 tu.

Takwimu hizi zinafundisha kwamba sheria nzuri na bendera mlangoni hazibadilishi peke yake maneno yanayosemwa chooni, kwenye basi la shule na katika chumba cha kubadilishia nguo za michezo.

Kijana ambaye hakuwa shoga

Wapo wazazi wanaosema, "Hayo ni ya watoto wa wengine, wangu hayumo." Kesi ya Azmi Jubran inaonyesha kwamba hilo nalo si kinga.

Jubran alisoma sekondari huko North Vancouver, katika jimbo la British Columbia, kuanzia mwaka 1993. Kwa karibu miaka mitano wanafunzi wenzake walimwita shoga, wakamtemea mate, wakampiga, na mara moja wakamchoma shati. Yeye hakuwa shoga, na alilisema hilo wazi. Hata baadhi ya waliokuwa wakimsumbua walikiri kwamba hawakuamini kuwa yeye ni shoga. Neno lilikuwa fimbo tu, na fimbo haichagui mgongo.

Shule iliwaadhibu wanafunzi mmojammoja kila alipolalamika, lakini haikufanya lolote kubadilisha hali ya shule nzima. Mwaka 2002 Baraza la Haki za Binadamu la jimbo hilo liliamua kwamba bodi ya shule imevunja haki zake, na likamtunukia fidia ya dola 4,500. Bodi ilikwenda mahakamani kwa hoja kwamba kijana ambaye si shoga hawezi kudai kwamba amebaguliwa kama shoga. Mwezi Aprili 2005 Mahakama ya Rufaa ya British Columbia iliikataa hoja hiyo. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kuisikiliza rufaa ya bodi.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito nchi nzima. Ulisema kwamba haitoshi shule kumchapa karipio mkosaji mmoja baada ya mwingine, bali ina wajibu wa kuwaelimisha wanafunzi kabla madhara hayajatokea. Wanaojitolea wanaingia hapo. Wao ni mojawapo ya njia ambazo shule inaweza kuzitumia kutimiza wajibu huo.

Kanada haikuwa hivi siku zote

Msomaji aliyeko nyumbani anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu tangu enzi na enzi. Sivyo. Hadi mwaka 1969 sheria ya Kanada iliwafunga jela wanaume walioshirikiana kimapenzi, kama zinavyofanya sheria zetu leo, na chimbuko ni lilelile, yaani sheria za Waingereza. Ni Desemba 1986 tu ndipo jimbo la Ontario lilipokataza ubaguzi wa kazi, nyumba na huduma dhidi ya mashoga. Kila hatua iligombaniwa, na mara nyingi waliogombania walikuwa wanafunzi.

Mwaka 2002, huko Oshawa mashariki mwa Toronto, Marc Hall wa miaka 17 aliomba kumpeleka mpenzi wake wa kiume kwenye dansi ya kumaliza shule. Shule yake ilikuwa ya Kikatoliki, na bodi ikakataa. Tarehe 10 Mei mwaka huo jaji aliamuru aruhusiwe, naye akaenda jioni hiyohiyo. Msomaji akumbuke kwamba Ontario huzilipia shule za Kikatoliki kwa fedha za serikali sawa na shule za umma, hivyo ugomvi haukuwa wa kanisa peke yake.

Mwezi Februari 2010 ilianza kutumika sheria inayowataka wafanyakazi wa shule za Ontario kuripoti kwa mkuu wa shule matukio mazito ya uonevu na kuingilia kati wanaposikia matusi ya kibaguzi. Mwezi Oktoba 2011 kijana wa miaka 15 alijiua mjini Ottawa, baada ya kueleza jinsi alivyochoka kuonewa kwa kuwa shoga. Msiba huo uliutikisa umma, na mwezi Juni 2012 bunge la jimbo likapitisha Sheria ya Shule Zinazopokea Wote. Sheria hiyo inawapa wanafunzi haki ya kuunda klabu ya mashoga na marafiki zao katika kila shule inayolipiwa na serikali, za Kikatoliki zikiwamo, na mkuu wa shule hawezi kuikataa kwa sababu ya jina lake.

Je, mazungumzo yanasaidia?

Swali ni la haki. Saa moja darasani itamsaidia nani? Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba chuki dhidi ya kundi fulani hupungua pale watu wanapokutana na watu wa kundi hilo ana kwa ana, katika hali ya usawa na kwa kuungwa mkono na wenye mamlaka. Mwaka 2006 watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya matokeo ya tafiti 515 kuhusu hoja hiyo, na kwa sehemu kubwa kabisa zikaiunga mkono.

Zingatia sharti la mwisho, kuungwa mkono na wenye mamlaka. Mgeni akimaliza kuzungumza, kisha mwalimu akasikia tusi kesho yake na kujifanya hakusikia, basi saa ile imepotea. Wanafunzi ni wepesi kujua kipi wakubwa wanakimaanisha na kipi wanakifanya kwa kutimiza ratiba.

Utafiti wa Elizabeth Saewyc na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha jambo lililowashangaza wengi. Katika shule zilizokuwa na klabu hizo kwa miaka mitatu au zaidi, mawazo ya kujiua yalikuwa machache zaidi kwa wanafunzi mashoga, na pia kwa wanafunzi ambao si mashoga. Ukikumbuka habari za Jubran hutashangaa sana. Tusi likiondoka shuleni, anapumua hata yule ambaye lingemwangukia kwa bahati mbaya.

Lakini kazi hii ina mipaka yake. Wanaojitolea hufika pale walipoalikwa tu, na shule inayowahitaji zaidi mara nyingi ndiyo isiyowaalika. Kuna pia mzigo wa kusimulia machungu yako mbele ya watu usiowajua, leo shule hii na kesho ile. Si kila mtu anauweza, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kuubeba.

Upinzani wa wazazi

Kazi hii haijawahi kukosa wapinzani, na baadhi yao ni ndugu zetu. Mwezi Aprili 2010 serikali ya Ontario iliuondoa mtaala mpya wa elimu ya afya siku chache tu baada ya viongozi wa dini kuupinga. Mtaala uliporejeshwa mwaka 2015, chini ya Waziri Mkuu wa jimbo Kathleen Wynne, ambaye mwenyewe ni msagaji na aliwahi kuwa Waziri wa Elimu, wazazi wa Thorncliffe Park mjini Toronto, wengi wao wahamiaji Waislamu, waliwazuia watoto wao kwenda shule. Tarehe 29 Mei 2023 wajumbe wa bodi ya shule za Kikatoliki za mkoa huu wa York walipiga kura 6 kwa 4 kukataa bendera ya upinde wa mvua isipandishwe makao makuu yao huko Aurora. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo yalifanyika maandamano nchini kote, Waislamu na Wakristo wakiwa bega kwa bega kupinga wanachokiita kufundishwa ushoga shuleni.

Wazazi hawa wasidharauliwe. Mtu aliyeacha nchi, lugha na jamaa anaogopa kwamba mtoto ndicho kitu cha mwisho alichobakiwa nacho, na sasa shule inataka kumchukua. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili kujibiwa kwa heshima.

Jibu ni kutenganisha mambo mawili. Imani ya mzazi ni haki yake, na hakuna anayekuja darasani kumwondolea. Kuhusu masomo ya makuzi na afya ya uzazi katika shule za msingi, serikali ya Ontario iliagiza mwaka 2019 kwamba kila bodi iwe na utaratibu wa mzazi kuomba mtoto wake atolewe. Lakini hakuna dini inayomruhusu mtoto kumtemea mwenzake mate kwenye korido, wala mzazi wa dini yoyote anayependa wake atemewe. Mwanafunzi anaweza kutoka darasani akiamini yaleyale aliyoingia nayo. Anachoombwa ni kuacha kumtesa mwenzake.

Kipimo kilekile

Hapa kwetu mkoani York lipo jambo ambalo Waafrika na Waislamu hatupaswi kulisahau. Mwaka 2016 wazazi weusi na Waislamu wenye watoto katika shule za umma za mkoa huu walilalamika kwamba watoto wao wanabaguliwa na malalamiko yao hayasikilizwi. Ilifika mahali mjumbe mmoja wa bodi alisikika akimtaja mzazi mweusi kwa tusi la kibaguzi, na mwezi Februari 2017 alijiuzulu. Serikali ya jimbo iliteua wachunguzi, na ripoti yao ya Aprili 2017 iliilaumu vikali bodi kwa jinsi ilivyoyashughulikia malalamiko ya ubaguzi.

Wazazi wale walidai nini? Walidai kwamba mtoto asitukanwe kwa jinsi alivyoumbwa, kwamba mwalimu akisikia tusi achukue hatua, na kwamba bodi isijifiche nyuma ya maneno matamu. Ukiliondoa neno "mweusi" au "Mwislamu" katika madai yale na kuweka neno "shoga", hakuna kinachobadilika. Usalama wa shule hauwezi kugawanywa mafungu, hili la wetu na lile la wale. Mlango tunaoubomoa leo kwa sababu hatumpendi anayepita ndio tutakaouhitaji kesho.

Tena wapo walio yote mawili kwa pamoja. El-Farouk Khaki, mwanasheria wa wakimbizi mjini Toronto, alizaliwa Tanzania akaondoka akiwa mtoto pamoja na wazazi wake. Mwaka 1991 alianzisha Salaam, kikundi cha Waislamu mashoga na wasagaji, na mwaka 2009 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa msikiti wa Unity mjini Toronto, ambao hauwabagui. Wapo Waislamu wasiokubaliana naye hata kidogo. Lakini hawawezi kusema kwamba hayupo, au kwamba hakutoka kwetu.

Na huko nyumbani?

Katika nchi zetu kazi kama hii ni hatari. Chini ya sheria ya Uganda iliyotiwa saini na Rais Museveni mwezi Mei 2023, mtu anayeonekana "kuhamasisha" ushoga anaweza kufungwa hadi miaka 20. Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame mwezi Aprili 2024. Hivyo kijana ambaye Toronto anaingia darasani kusimulia maisha yake, Kampala angefanya hivyo huku akilitazama lango la gereza. Tanzania Bara sheria inatoa adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, na Kenya miaka 14.

Shuleni hali inafanana na sheria hizo. Mwezi Desemba 2021 Waziri wa Elimu wa Kenya wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alisema kwamba wanafunzi mashoga na wasagaji wasikae katika shule za bweni bali waende shule za kutwa karibu na makwao. Mwezi uliofuata wanaharakati wachache waliandamana Nairobi hadi wizarani kupinga kauli hiyo. Msomaji aliyesoma bweni anajua maana ya kurudishwa nyumbani na godoro kichwani kwa kosa la namna hiyo. Kijiji kizima kitajua kabla hujafika, na hakuna atakayeuliza kama ulisingiziwa.

Lugha yetu nayo ina la kusema. Mwambao wa pwani, mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga", na neno hilo halina ubaya wowote, ni neno la mapenzi na siri za wawili. Neno lilelile likirushwa katika uwanja wa shule kwa mvulana mpole, au anayetembea kwa namna fulani, linageuka jiwe. Kwa hiyo kosa halimo ndani ya neno. Limo katika mkono unaolirusha na katika masikio ya wakubwa wanaolisikia wakanyamaza.

Anachoweza kufanya mzazi

Wanaojitolea hawawezi kufika kila darasa la Richmond Hill, na hawatafika karibuni katika madarasa ya Tabora au Kisumu. Lakini mzazi yupo kila mahali, na kazi yake haihitaji mwaliko wa mwalimu.

Kwanza, asikilize maneno yanayotumika nyumbani kwake. Mtoto hakuyazua matusi ya korido, ameyasikia mahali, na mara nyingi mahali hapo ni sebuleni mbele ya televisheni. Pili, mtoto akisema hataki kwenda shule, aulizwe nani anamsumbua na kwa maneno gani, badala ya kuanza na fimbo ya uvivu. Tatu, akiwa Ontario, ajue kwamba sheria iko upande wake. Anaweza kumwandikia mkuu wa shule na kudai jibu la maandishi, na asiporidhika aende kwa bodi. Mtoto mwenyewe anaweza kuzungumza na vijana wenzake wa LGBT YouthLine, huduma iliyoanzishwa Toronto mwaka 1994 kwa vijana wa Ontario, ambako halazimiki kutaja jina lake.

Jambo la nne ni gumu kuliko yote. Mtoto akija kukwambia kwamba yeye ndiye, maneno yako ya dakika ile hatayasahau maisha yake yote. Wengi wa wanaosimama mbele ya madarasa huulizwa na wanafunzi swali lilelile: mama alisema nini? Hawaulizi kwa udaku. Katika kila darasa huenda yumo mmoja ambaye bado hajasema, na anataka kujua akirudi nyumbani jioni atapokewa vipi.

Sisi tulioyakimbia makwetu tunajua maana ya kuishi mahali ambapo mtu anaangalia nyuma kila akitembea. Tulivuka bahari ili watoto wetu wasiishi hivyo, na shuleni ndiko wanakokaa sehemu kubwa ya mchana wao.